Kitufe cha U

Ng'ong'ona, mlango wa tatu toka kwa muuza chipsi:
steshenari yangu, kompyuta moja, mashine ya kutoa kopi,
na upepo wa Agosti unaoingiza vumbi jekundu bila hodi.
Ukurasa mmoja mia tano. Silazimiki kuelewa.

Dokta Perusi Madeje huniletea karatasi za mkono,
mwandiko umeinama kama uwele uliokomaa,
na kila juma swali ni lile lile:
kwa nini kuna kitu, badala ya kutokuwepo chochote?
Utupu ungekuwa rahisi, ameandika.
Utupu hautaki fundi, hautaki saruji, haudaiwi kodi.
Lakini tazama: kuna mchwa. Kuna Zohali. Kuna chumvi.

Jibu lake nimelichapa mara sita, nalijua kwa vidole.
Kabla ya nyota, kabla ya kabla,
hata pasipo mtu wa kusema,
ilikuwa kweli tayari kwamba ni heri kuwe na kitu.
Kweli hiyo haikuwa na kiti wala mahali,
kama vile saba kuizidi tano
hakukungoja darasa liezekwe.
Na kweli hiyo, anasema, ilitosha.
Ulimwengu upo kwa kuwa unastahili kuwepo,
na Mungu si mfinyanzi; Mungu ndiyo heri yenyewe, ilivyo na nguvu.
Kaka yake, mchungaji kule Mvumi,
hajapokea simu yake tangu Pasaka.

Mimi ni mtu wa Bahi. Nilimwambia huku nabana karatasi:
Dokta, mwaka ule mtama uliponyauka kabla ya kutoa shuke,
uhitaji tulikuwa nao, magunia kwa magunia.
Ilikuwa heri mvua inyeshe. Hakuna aliyebisha.
Heri ilikaa mlangoni na mama yangu
ikiangalia mawingu yanapita kwenda kwa wengine.
Ng'ombe kumi na mmoja. Wa mwisho tulimwita Subira.
Kama heri iliweza jua, ikaweza na Zohali,
ilishindwaje na ndoo moja?

Alifuta miwani kwa ncha ya mtandio.
"Sura ya saba," akasema, "sijaiandika bado."
Mwaka wa tatu sasa.

Juma lililopita kitufe cha u kikajaa vumbi.
Nikagonga, kikagoma, kidole kikateleza kwa jirani;
maana kwenye kibodi u, i na o
wamepanga vyumba vinavyofuatana.
Akawa anasoma wima, peni nyekundu mkononi.
Yeye aliandika: Wema uliumba ulimwengu.
Ukurasa wa tisa ukasema: Wema uliimba ulimwengu.
Akacheka, akasahihisha.
Ukurasa wa kumi na nne: Wema uliomba ulimwengu.
Peni ikasimama.

Uliomba.
Niliona mdomo wake ukilizungusha neno
kama anayetafuta mbegu ndani ya zabibu.
"Yaledi," akasema, "anayeomba anaweza kunyimwa."
Hana amri, hana shoka, ana mkono tu.
Basi jua ni ombi lililokubaliwa,
na ndoo yenu ya Bahi…
"Aliyeombwa ni nani sasa?" nikamkatiza,
"kama hapakuwa na mtu?"
Umeme ukakatika.

Tulisikia mashine ikipoa, tik, tik.
Sikuwa nimehifadhi. Kurasa kumi na nne
zilirudi huko huko ambako vitu havipo.
Alihesabu elfu saba, akaziweka juu ya rimu.
"Chapa tena."
Na pale, ukurasa wa kumi na nne, niandike nini?
Alikuwa keshavuka mtaro.
Alipandisha bega moja, basi.

Kitufe nimekisugua kwa mswaki na spiriti.
Kinabonyea vizuri tu, hakina kisingizio.
Nimefika ukurasa wa kumi na tatu, mistari ya mwisho,
na mtu wa kopi za kitambulisho anagonga dirisha.